Maili za Mgeni, Kilomita za Barabara: Vipimo Viwili kwenye Vibao vya Utalii

Kila mwaka msimu wa watalii unapokaribia, hoja ileile huibuka miongoni mwa wenye kampuni za utalii, mameneja wa hoteli na waongoza watalii wa Dar es Salaam: je, vibao vinavyosomwa na wageni viandikwe maili na futi sambamba na kilomita na mita? Wanaotaka hivyo huwataja Wamarekani, ambao ni miongoni mwa wageni wengi zaidi wanaotoka nje ya Afrika, na ambao kilomita kwao ni namba isiyowaambia kitu. Wanaokataa hujibu kwamba mgeni hufuata desturi za wenyeji, kwamba Tanzania ni nchi ya kilo na kilomita, na kwamba Mmarekani mwenye simu mkononi anaweza kugeuza namba mwenyewe. Kwa maoni yangu mabishano hayo hayafiki mwisho kwa sababu pande zote mbili huvizungumzia vibao kana kwamba vyote vina kazi moja. Kibao cha mwendo kwenye Barabara ya Morogoro, ubao wa kileleni Kilimanjaro na maandishi ya kina cha maji kwenye ukingo wa bwawa la hoteli Masaki ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina jibu lake.

Inafaa kwanza tuwajue hao wageni wa maili ni akina nani. Tumezoea kudhani kwamba Waingereza na Wamarekani wanatumia vipimo vya aina moja, lakini hilo ni kweli kwa sehemu tu. Uingereza ilipanga upya vipimo vyake kwa sheria ya mwaka 1824, na hapo ndipo ulipozaliwa mfumo unaoitwa wa kifalme, ambao galoni yake ni takriban lita 4.55. Marekani wakati huo ilikwisha kujitawala, ikaendelea na galoni ya divai iliyowekwa Uingereza mwaka 1707 enzi za Malkia Anne, ambayo ni takriban lita 3.79. Painti ya bia ya Mwingereza ina mililita 568, ya Mmarekani ina 473. Tani ya kale ya Mwingereza ni ratili 2,240, ya Mmarekani ni ratili 2,000, na yetu ni kilo 1,000, kwa hiyo anayeandika neno tani peke yake kwenye kibao cha daraja anawaambia watu watatu mambo matatu.

Kwenye urefu mambo ni mepesi zaidi. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba yadi moja ni mita 0.9144 kamili na ratili moja ni kilo 0.45359237 kamili. Tangu hapo inchi ni milimita 25.4 bila chenji, futi ni mita 0.3048, na maili ni mita 1,609.344. Maana yake ni kwamba futi ya Mmarekani, anayeitetea kwa nguvu zote, haina tena maana yake yenyewe, kwa kuwa inapata maana kutoka kwenye mita.

Nchi nyingi kati ya hizo zilihamia kwenye kilomita zamani. Canada ilibadili vibao vya mwendo mwaka 1977, na Australia na New Zealand zilifanya hivyo katika muongo huohuo. Uingereza ilibaki katikati ya mto: barabarani ni maili, baani ni painti, lakini mafuta ya gari huuzwa kwa lita na watoto hufundishwa mita shuleni, hivyo Mwingereza wa umri wa miaka 30 hupata tabu kidogo sana na kina cha bwawa kilichoandikwa kwa mita. Ukichambua orodha ya wageni wetu, yaani Wafaransa, Wajerumani, Waitaliano, Wahindi, Wakenya na wengineo, utaona kwamba mgeni ambaye kweli hawezi kuikadiria mita kwa jicho ni mmoja tu, naye ni Mmarekani. Huyo ni mgeni muhimu na anastahili kufikiriwa, lakini si vizuri kumfikiria kana kwamba ndiye wote.

Sisi nasi hatuna usafi wa kujivunia katika jambo hili. Ujerumani ilianza kutumia mfumo wa metriki kisheria Januari 1872, na walipojenga Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, Wajerumani waliweka njia yenye upana wa mita moja kamili. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ina upana wa milimita 1,067, namba inayoonekana ya ajabu mpaka uigeuze na kupata futi tatu na inchi sita, kipimo kilichochaguliwa ili ioane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ina milimita 1,435, nayo ni futi nne na inchi nane na nusu za Waingereza wa karne ya 19. Jiji moja lina reli tatu, na mbili kati yake zimeficha futi ndani ya milimita. Gharama ya mchanganyiko huo si ya vitabuni: kule Kidatu, ambako reli ya mita moja hukutana na TAZARA, mizigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine.

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni utaagiza mbao za mbili kwa nne, bomba la nusu inchi, bati la futi kumi na misumari ya inchi tatu, kisha pumzi hiyohiyo utaongeza nondo za milimita 12 na saruji mfuko wa kilo 50, na muuzaji hatakushangaa. Bandarini kontena ni la futi 20 au la futi 40. Shamba la Mkuranga huuzwa kwa ekari, kiwanja cha Kigamboni kwa mita za mraba. Kibaha kuna Maili Moja, jina ambalo hakuna aliyewahi kufikiria kuliita Kilomita Moja Nukta Sita. Na ukivuka kwenda Unguja, wazee wa karafuu watakutajia frasila, ambayo ni ratili 35, yaani karibu kilo 16. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo wanaoisimamia, wamejenga biashara yetu juu ya kilo, lita na mita, lakini vichwani mwetu tunaishi na mifumo miwili na tunajua pa kutumia kila mmoja. Hiyo nayo ni hoja dhidi ya wale wanaosema kwamba kumwandikia mgeni futi ni kujidhalilisha.

Sasa turudi kwenye vibao. Kuna kibao kinachoamuru na kuna kibao kinachoeleza. Kinachoamuru humtaka msomaji afanye jambo kwa kipimo fulani: asizidi mwendo huu, asipite na gari refu kuliko hapa, asibebe mzigo mzito kuliko huu. Kinachoeleza humpa msomaji habari ambayo ataielewa kwa akili yake tu bila kuipima: mlima una urefu gani, hifadhi ina ukubwa gani, mji uko umbali gani. Kibao cha kuamuru kifuate kipimo cha chombo ambacho msomaji anacho mkononi au mbele ya macho yake. Kibao cha kueleza kifuate kipimo kilichomo kichwani mwa msomaji.

Chukua mwendo. Kikomo katika maeneo ya makazi Tanzania ni kilomita 50 kwa saa, na kibao chake huonyesha namba 50 ndani ya duara jekundu. Magari mengi ya Dar es Salaam yametoka Japani, na mshale kwenye dashibodi zake huonyesha kilomita. Mmarekani aliyekodi gari la namna hiyo hana haja ya kugeuza chochote, maana kibao kinasema 50, anausogeza mshale hadi 50, na ametii sheria hata kama hajui hiyo ni maili ngapi. Sasa umwekee kwenye duara lilelile namba mbili, 50 na 31. Umempa kazi ya kuchagua, na anaweza kuchagua namba ya nyumbani kwao akaenda kilomita 31 kwa saa katikati ya malori yanayotoka bandarini. Tena dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kutafakari namba ya pili hugharimu mita 22 za barabara. Kwenye barabara kuu inayoikatisha Hifadhi ya Mikumi, ambako twiga anaweza kuvuka wakati wowote, mita hizo si za kuchezea.

Hatari ya kweli huwa kinyume chake, pale chombo kinapotofautiana na kibao. Yapo magari machache jijini yaliyoletwa kutoka Uingereza, ambayo namba kubwa za dashibodi ni maili na zile ndogo za ndani ni kilomita. Anayefuata namba kubwa hadi 50 atakuwa anakwenda kilomita 80 kwa saa mbele ya shule. Dawa yake imo ndani ya gari, ambako kampuni ya kukodisha inaweza kubandika karatasi ndogo juu ya usukani, kwa kuwa barabara haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya gari moja.

Nchi zilizopitia mabadiliko haya zimetuachia mifano. Ireland iliandika umbali kwa kilomita kwa miaka mingi huku vikomo vya mwendo vikiwa vya maili, mpaka tarehe 20 Januari 2005 ilipobadili vikomo vyote kwa pamoja, na kwa kuwa wenzao wa Ireland ya Kaskazini waliendelea na maili, vibao vipya viliandikwa alama ya kilomita kwa saa chini ya namba ili anayevuka mpaka asikosee. Canada huwakumbusha madereva wanaotoka Marekani palepale mpakani kwamba sasa wanasoma kilomita, kisha huwaacha. Marekani kwenyewe, barabara kuu namba 19 ya jimbo la Arizona, kutoka Tucson hadi Nogales kwenye mpaka wa Mexico, ina vibao vya umbali vya kilomita vilivyosalia kutoka enzi ambazo nchi hiyo ilijaribu kuhama, lakini vikomo vya mwendo kwenye barabara hiyohiyo ni vya maili. Madereva wanaishi nayo. Wenye biashara kando yake walipinga kubadilishwa kwa namba za njia za kutokea, kwa sababu walikwisha kuzitangaza kwa wateja. Nadhani mfano huo unaonyesha vizuri kwamba umbali, ambao ni habari, unaweza kuwa wa kipimo kigeni bila mtu kuumia, ilimradi amri ya mwendo iafikiane na dashibodi.

Kuna amri ambayo Waingereza wameiandika kwa vipimo vyote viwili, nayo ni ya kimo cha magari chini ya madaraja. Tangu 2015 vibao vipya vya namna hiyo vimetakiwa kuonyesha mita pamoja na futi na inchi. Sababu ni kwamba gari halina mshale wa kuonyesha kimo chake. Dereva hukijua kimo hicho kwa kumbukumbu au kwa kukisoma kwenye kibandiko, na baadhi ya madereva wa malori wanaopita huko wamekariri mita ilhali wengine wamekariri futi. Hapa kwetu jambo hili lina sura ya pekee, kwa kuwa dereva wa lori anasema amebeba futi 40, na kontena la kawaida lina kimo cha futi nane na inchi sita, au futi tisa na inchi sita likiwa lile refu. Hizo ni mita 2.59 na mita 2.90, bado hujaongeza kimo cha tela. Lakini dereva huyo si mtalii, na ninamtaja ili ionekane kwamba kanuni ya chombo inafanya kazi hata pale chombo kinapokuwa ni kumbukumbu ya mtu.

Kanuni hiyohiyo husaidia pale mgeni anapokuja na chombo chake mwenyewe. Wapiga mbizi wanaokwenda kwenye matumbawe karibu na visiwa vya Mbudya na Bongoyo huja wakati mwingine na saa za kupimia kina zilizopangwa kwa futi. Mwenye cheti cha kwanza huruhusiwa kwa kawaida kufika mita 18, ambazo vyama vya wapiga mbizi huziandika kama futi 60. Presha ya hewa kwenye mtungi nayo husomwa kwa kipimo kiitwacho baa kwenye vifaa vyetu na kwa ratili za inchi ya mraba kwenye vifaa vya Kimarekani, na ukimwambia mtu arudi juu ikibaki 50 bila kutaja ni 50 ya nini, umemwambia arudi akiwa amekwisha. Baa 50 ni zaidi kidogo ya ratili 700 kwa inchi ya mraba. Hapo ubao wa maelezo ulioko kwenye boti uandike vyote viwili, na kiongozi avitaje kwa mdomo pia.

Uzito wa mizigo uko karibu na hapo. Ndege ndogo za kwenda mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, na mpagazi wa Kilimanjaro hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20. Mmarekani amezoea kufungasha begi la ratili 50, karibu kilo 23, kwa kuwa ndicho kiwango cha ndege kubwa, na mizani anayoitumia ni ile ya bafuni kwake. Kwa hiyo barua anayoandikiwa kabla ya safari iseme ratili 33 na ratili 44. Kibao cha uwanjani kinaweza kuonyesha kilo tu, kwa kuwa pale mizani ya kilo iko mbele yake na hakuna wa kubishana nayo.

Vibao vya kueleza ndivyo vyenye nafasi ya vipimo viwili, na humo ndimo makosa mengi hutokea. Ubao wa kilele cha Uhuru umeandikwa mita 5,895 na futi 19,341. Vitabu vingi vya zamani vya Kiingereza vilizoea kuandika futi 19,340. Ukiigeuza namba hiyo ya zamani unapata mita 5,894.8, ambazo zikikadiriwa ni 5,895. Ukizigeuza mita 5,895 kurudi kwenye futi unapata 19,340.6, ambazo zikikadiriwa ni 19,341. Mlima haukusogea, futi moja imezaliwa njiani kwa sababu ya kukadiria mara mbili. Hilo ni kosa dogo lisilo na madhara, na kwa kilele chenye namba maarufu duniani si vibaya kuandika hadi tarakimu ya mwisho. Lakini Horombo, ambako wapandaji hulala, hutajwa kuwa kwenye mita 3,720, na anayeandika chini yake futi 12,205 anajidai kujua jambo asilolijua, kwa kuwa kambi ina vibanda vilivyotawanyika kwenye mteremko. Futi 12,200 zinatosha na ni za kweli zaidi. Namba iliyogeuzwa isiwe na ukamilifu kuliko ile ya asili.

Vivyo hivyo kibao kinachosema lango liko mbele kwa mita 500 hakihitaji kutafsiriwa kuwa futi 1,640. Mmarekani hafikirii umbali wa barabarani kwa maelfu ya futi. Anaufikiria kwa robo na nusu ya maili. Robo maili ni mita 402 na nusu maili ni mita 805. Anayepanga kibao kipya, ambaye bado hajachimba shimo la nguzo, anaweza kukisimamisha kwenye mita 400 au 800 badala ya 500 au 1,000, na vipimo vyote viwili vitatoka vizuri bila mtu kudanganywa. Wachache hufikiria hivyo, kwa sababu hesabu huachwa mpaka dakika ya mwisho.

Bwawa la kuogelea linahitaji uangalifu wa aina nyingine. Tuseme hoteli ina bwawa lenye kina cha mita 1.5 upande wa kati. Kwa futi hizo ni nne na inchi 11, na meneja anayependa namba nzuri ataandika futi tano. Je, amekosea? Inategemea nani anasoma. Asiyejua kuogelea anataka kujua maji yatamfika wapi, na kwake kuambiwa kina ni kikubwa kidogo kuliko kilivyo ni usalama. Anayetaka kuruka kichwa mbele anataka kujua sakafu iko chini kiasi gani, na kwake kila sentimita ya uongo iko upande wa hatari. Kikomo cha juu hukadiriwa kwenda chini, na kikomo cha chini hukadiriwa kwenda juu. Lakini kina cha maji ni vikomo viwili katika namba moja, kwa hiyo hakikadiriwi kabisa. Aandike futi nne na inchi 11, na pale pasiporuhusiwa kuruka aweke mchoro wa kukataza, ambao hauna kipimo na unaeleweka na Mchina na Mwitaliano.

Kwenye bwawa hilohilo kuna mtego mwingine. Mita 1.8 zikigeuzwa kwa kikokotoo hutoa futi 5.9. Mchapaji asiyezoea futi huona 5.9 na kuandika futi tano na inchi tisa, akisahau kwamba futi ina inchi 12 na si 10. Kwa kweli ni futi tano na inchi 11, na kosa la sentimita tano limechapwa kwa rangi isiyofutika.

Eneo na joto huwakosesha hata walio makini. Hifadhi ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Mtu anayejua kwamba kilomita ni maili 0.62 atazidisha na kupata maili za mraba 9,153, namba inayoonekana ya heshima lakini ni ya uongo, kwa kuwa maili ya mraba ni kilomita za mraba 2.59 na jibu sahihi ni maili za mraba 5,700. Hapo hifadhi imeongezewa zaidi ya nusu ya ukubwa wake. Kuhusu joto, kila mwongozaji hujua kwamba nyuzi 30 za Sentigredi ni nyuzi 86 za Farenhaiti, kwa kuzidisha 1.8 na kuongeza 32. Lakini kibao kinapoeleza kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Sentigredi kila unapopanda mita 1,000, ile 32 haiongezwi, kwa sababu kinachosemwa ni tofauti tu. Jibu ni karibu nyuzi 11 za Farenhaiti. Anayeongeza 32 huandika 43, na Mmarekani atakayeiamini ataona kwamba kabla ya kufika nusu ya mlima ataganda akiwa amesimama.

Halafu kuna alama zenyewe. Herufi m, kwa mfumo wa kimataifa, ni mita. Kwenye vibao vya barabara kuu za Uingereza herufi hiyohiyo baada ya namba ni maili. Mwingereza anayeona 2 m kwenye mshale wa kwenda ufukweni Kunduchi anaweza kuita teksi. Kwetu herufi hiyo imebeba mzigo wa ziada, maana tangazo la kiwanja jijini linaweza kuandika 20m kwa 20m na bei 20m, na kila mwenyeji akaelewa bila shida ipi ni mita na ipi ni milioni. Kwenye kibao cha mgeni neno liandikwe kwa ukamilifu kila nafasi inaporuhusu, na pasiporuhusu, mita 2,000 ziandikwe kuwa kilomita 2, ambayo alama yake haina utata popote.

Mkato na nukta navyo vina kisa chao. Sisi tuliorithi uandishi wa Kiingereza tunatenga maelfu kwa mkato na desimali kwa nukta. Mjerumani na Mwitaliano hufanya kinyume. Kibao kinachosema kilomita 1.250, kikimaanisha kilomita moja na robo, kwa Mjerumani ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 2003 ulikubali nukta na mkato vyote vitumike kwa desimali, na ukasisitiza kwamba maelfu yatenganishwe kwa nafasi tupu pekee. Vitabu na magazeti yetu hayajafuata na pengine hayatafuata, nami katika makala hii nimefuata desturi yetu, lakini kibao cha watalii kinaweza kuepuka tatizo lote kwa kuandika mita 1250 bila alama yoyote katikati.

Baharini na angani mgeni asibughudhiwe. Nahodha wa boti ya Unguja anahesabu maili za baharini za mita 1,852, ambazo si maili za Mmarekani, na rubani anapima kimo kwa futi karibu dunia nzima. Vipimo hivyo ni vya kazi yao, wala havina haja ya kugeuzwa kwenye vibao vya abiria.

Linalobaki ni utaratibu wa kuagiza. Kipimo cha nchi kiwe juu na kwa maandishi makubwa, cha mgeni kiwe chini yake kwa maandishi madogo na rangi iliyofifia kidogo, ili anayepita haraka asome kimoja na mwenye muda asome vyote. Hesabu zote zifanywe na mwenye kibao na zikaguliwe na mtu wa pili kwa kuzigeuza kurudi zilikotoka, kisha zipelekwe kwa mchapaji zikiwa zimeandikwa neno kwa neno, pamoja na inchi zake, bila kumwachia kikokotoo. Na mchapaji akileta sampuli kwenye simu, isikubaliwe mpaka namba zilizopo zilinganishwe na karatasi, kwa kuwa programu za kuchora mabango mara nyingine hupoteza alama za futi na inchi, na futi nne na inchi 11 zikasomeka kama 411.